Mpima Besi na Waya Uliokatwa

Mdomo wangu uligusa maiki. Hilo ndilo jambo la mwisho nililofanya kwa hiari yangu alasiri ile. Baada ya hapo mwili haukuwa wangu. Mkono wa kushoto ulijifunga kwenye shingo ya gitaa la besi kama mtego wa panya, meno yakabanana, pumzi ikakwama katikati. Macho tu ndiyo yaliyobaki huru, nayo yaliona kila kitu: keki ya harusi mezani, maji ya mvua yakidondoka kutoka kwenye bati, na Zuhura, mwimbaji wetu, akinicheka.

Alidhani nafanya mzaha. Yeye ndiye aliyeniletea ile maiki mdomoni niitikie, kama tulivyozoea kila harusi.

"Kaka Issa, acha wehu, bibi harusi anakutazama!"

Halafu akaacha kucheka. Akanishika kifundo cha mkono ili anivute. Alikuwa amevua viatu acheze vizuri, na zulia la jukwaani lilikuwa limelowa chepechepe. Hakupiga kelele. Ulimtoka mguno mdogo, kama wa mtu anayejitwisha ndoo, basi. Tukabaki tumeshikana, na mpiga dramu akaendelea kupiga, akidhani tumeongeza manjonjo. Wageni wengine walishangilia. Naapa, walitupigia vigelegele.

Kisha nikasikia sauti ya kizee kutoka viti vya nyuma: "Nsimguse! Ntu asimguse!" Akaja anakimbia mzee ambaye sikuwahi kumwona akikimbia, kabeba kigoda cha mbao cha wapiga ngoma wa asili waliotutangulia, akanipiga nacho mbavuni kwa nguvu zake zote. Nilianguka upande huu, Zuhura upande ule, gitaa katikati.

Mimi niliamka. Zuhura hakuamka.

Huyo mzee wa kigoda ndiye ninayetaka kumweleza hapa. Leo mjini Mtwara, ukipita vijiwe vya bajaji ukataja gitaa, watamtaja yeye, na watamtaja kwa ubaya. Watasema ndiye aliyemuua Zuhura. Mimi niliishia darasa la nne, sijui kupanga maneno, lakini hili nitaliandika mpaka mwisho. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havinyooki tena, na kila ninapotaka kuwasha taa ya nyumbani kwangu natafuta kwanza kijiti cha kubonyezea swichi.

Sisi wapigaji tulimwita Mpimaji. Jina la kwao analo, ila silitaji, limeshachafuliwa vya kutosha. Kiswahili chake kilikuwa na Kimakonde ndani: mtu kwake ni ntu, mkono ni nkono. Kazi ya kumlisha ilikuwa kubangua korosho na kuchomelea sufuria za bati. Lakini mtu yeyote wa Mtwara au Mikindani aliyetaka gitaa la besi la bei ya mnyonge hakuthubutu kwenda dukani bila yeye. Bendi za harusi zilimchukua, vikundi vya taarabu, kwaya za makanisa. Nazi hazichaguliwi kwa macho, alikuwa akisema, zinatikiswa.

Yeye gitaa alilitikisa kwa namna yake. Kwanza aliliuma.

Si mchezo, aliliuma kweli. Alikuwa akiweka pembe ya gitaa kati ya meno yake machache yaliyobaki, gitaa halijachomekwa popote, anapiga uzi mnene kwa dole gumba, anafumba macho. Sauti inapita kwenye mfupa wa taya hadi sikioni. Gitaa la mbao nzuri lilimtetemesha mpaka ndevu. Gitaa la maranda yaliyogandishwa kwa gundi lilikufa mdomoni, naye alilitema kama embe bovu. Gulamu, mwenye duka la vyombo pale mjini, akimwona tu anaingia alianza kulalamika.

"Mzee, leo usiume! Gitaa si mua!"

"Na wewe usiniuzie mua ukaniambia gitaa."

"Mteja gani atanunua kitu kina alama za meno?"

"Mteja mwenye akili. Atajua nimeshapita."

Mwishowe Gulamu akawa anaweka kitambaa safi kando ya kaunta kwa ajili ya meno ya Mpimaji. Walitukanana hivyo miaka na miaka, na Idi ikifika sahani ya biriani ilitoka kwa Gulamu kwenda kwa mzee.

Akishauma, alilielekeza gitaa dirishani, akafumba jicho moja na kutazama urefu wa shingo kama seremala anayekagua ubao. Kisha alipitisha kiganja pembeni mwa shingo, pale vile vyuma vyembamba vilivyopangwa shingoni vinapoishia, kwa sababu magitaa ya bei rahisi vyuma vyake hukatwa ovyo, navyo vitakukata wewe. Halafu alikuvalisha gitaa kwa mkanda wake, akakwambia, "Achia mikono yote miwili." Ukiachia, gitaa lenye kichwa kizito linainama chini kama mlevi. "Likiinama hivyo utapigana nalo harusi nzima. Nke ngomvi wa nyumbani hakutoshi?" Jina lililoandikwa kichwani mwa gitaa hakulisoma kamwe. Alilifunika kwa dole gumba. Kusoma kwenyewe alisoma kwa taabu, lakini hata tulipomsomea sisi aliziba masikio. "Jina linapigwa wapi? Nionyeshe uzi wake."

Kuhusu besi yenyewe alikuwa na msemo mmoja ambao sisi tuliurudia mpaka ukatuchosha: besi ni chumvi, ukiisikia ujue imezidi.

Nisije nikamfanya malaika. Mzee alikuwa na kiburi, na akikosea hakubali. Mwalimu wa kwaya mmoja, mtu wa Bara aliyehamishiwa huku kufundisha shule, alileta kwake gitaa dogo jeusi la shingo fupi, jepesi kama fagio. Mpimaji aliliuma, akalitema. "Hii nguo ya mtoto. Mvua ya kwanza shingo itapinda kama upinde." Mvua zikaja, zikaenda, zikaja. Shingo haikupinda. Kwaya ilipiga gitaa lile kila Jumapili, na lilitoa sauti nene nzuri ambayo hata sisi Waislamu tulisimama nje kuisikiliza. Mzee akawa anavuka barabara akikaribia kanisa. Nilimuuliza mara moja, "Mzee, lile jeusi vipi?" Akasema, "Lipi?"

Na msimu wa mabibo usimpeleke dukani mchana. Uraka, ile pombe ya mabibo, ukishamwingia, kila gitaa kwake lilikuwa binti mfalme. Bendi moja ya Mikindani ilinunua gitaa bovu, laini kama gomba, siku moja ya namna hiyo, na wanamlaumu mpaka kesho.

La ajabu zaidi, kupiga hasa hakujua. Alitokea kwenye ngoma za jandoni, ngozi ya kukausha kwa moto, na kwenye besi alijua nyimbo mbili tatu tu, zote polepole. Ukimwomba apige mbele ya watu anatafuta kisingizio. Nilidhani ni aibu ya uzee. Baadaye nikajua ni hofu.

Mzee yule aliogopa umeme kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua. Nyumbani kwake nguzo ilipita mlangoni, hakuvuta waya. Redio yake ilikuwa ya betri. Chuma chake cha kuchomelea risasi alikitia kwenye makaa ya jiko mpaka kikawa chekundu, ndipo akafanyia kazi. Wakati wa ujana wake, pale Mikindani, aliona mwenzake kashika mpini wa friji bovu, na mkono ukagoma kuachia. Zaidi ya hapo hakusimulia. Alinionyesha tu viganja vyake.

"Unaona hiki? Kiganja kina tamaa. Umeme ukikigusa, kinafumba, kinang'ang'ania kifo chake. Lakini hapa," akageuza, "ngongo wa nkono ukiguswa, vidole vinakimbilia ndani, nkono unaruka. Kitu usichokijua, kisalimie kwa ngongo wa nkono."

Na ndivyo alivyofanya. Kabla bendi haijapiga popote, alizunguka jukwaa zima akigusa kila kitu kwa mgongo wa mkono: amplifaya, maiki, nyuzi za magitaa, hata nguzo ya kushikilia maiki. Polepole, midomo inatembea, nadhani alikuwa anasoma dua. Vijana walimwigiza nyuma yake. Mimi nilicheka pamoja nao. Sasa ndivyo ninavyogusa bomba la maji.

Gitaa langu nalo alinichagulia yeye. Inabidi nilieleze vizuri, maana hapa ndipo wanapomfungia kamba shingoni.

Nilikuwa kuli bandarini mchana, mpiga besi wa harusi mwisho wa wiki, na gitaa nililotumia lilikuwa la kuazima. Nilipojikusanya tukaenda kwa Gulamu. Yalikuwepo matatu niliyoyamudu. Jekundu jipya linang'aa kama pikipiki. Jeusi la nyuzi tano. Na la kahawia la mtumba, limechubuka tumbo zima, kitufe kimoja hakipo.

Mimi roho ilikuwa kwenye nyuzi tano. Mpimaji akaliuma, akatikisa kichwa, akasema, "Nne hujazimaliza, wa tano wa nini, wa kuanikia nguo?" Gulamu akacheka mpaka akakohoa. Jekundu akanivalisha, nikaachia mikono, kichwa chubwi, kikainama nusura kivunje kioo cha kaunta. La kahawia aliliuma akakaa nalo mdomoni muda mrefu. Nikaona ndevu zinatetemeka.

"Hili," akasema. "Hili lilikatwa kwenye mti, halikukatwa kwenye kabati."

Gulamu akalichomeka kwenye amplifaya ya dukani. Likanguruma: mmmmmm, kama nyuki ndani ya debe. Hapo Mpimaji alikuwa na kipimo chake cha mwisho. Gitaa la besi likinguruma, weka mkono juu ya nyuzi. Gitaa zima litanyamaza. Likiendelea kunguruma, ndani kuna kidonda. Aliligusa, kwa mgongo wa mkono bila shaka. Likaendelea kunguruma. Mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile.

"Kidonda chake kimoja, na mimi ninakijua."

Kila gitaa la besi la umeme, la tajiri na la maskini, lina kiwaya kidogo kilichofichwa chini ya kile chuma kinachoshikilia nyuzi. Kiwaya hicho kinaunganisha nyuzi na kebo, kebo inaunganisha na bodi ya amplifaya, yaani kasha lake la chuma, na bodi ya amplifaya inaunganishwa na waya wa tatu wa plagi, ule wa kijani na manjano, ambao mafundi wanauita ethi. Huo unakwenda ukutani, unashuka nje, unaishia kwenye chuma kilichopigiliwa udongoni. Umeme ukipotea njia, unashukia huko na swichi kubwa ya ukutani inajikata. Hivyo ndivyo alivyonieleza Mpimaji huku akichora kwenye vumbi, na hivyo ndivyo fundi mwingine wa hospitalini alivyonieleza baadaye nikiwa nimefungwa bendeji.

Kiwaya cha gitaa langu kilikuwa kimekatika. Kwa sababu hiyo Gulamu alilegeza bei. Mpimaji akalipeleka nyumbani, akakitia chuma chake kwenye makaa, akakiunga kile kiwaya kwa risasi, akanirudishia. Nililichomeka, likanguruma, nikaweka mkono, likanyamaza kimya. Nilimletea ming'oko, vile viazi vya porini, ya moto na pilipili, maana hakupokea malipo mengine, tukala tumekaa kwenye jamvi tukisikiliza ule ukimya. Alifurahi kama kaoa.

Ukumbi wa harusi ile ni wa mtu anayeitwa Chilumba. Namtaja. Wengine wanasema "mwenye ukumbi" kwa kuogopa, mimi kitu gani tena cha kuogopa sijakiona? Anamjua kila mkubwa wa mji, na ukumbi wake unapangwa harusi mpaka za mwakani. Bati lake linavuja juu ya jukwaa tangu halijapakwa rangi. Mitambo yake ya muziki aliisimamia Sudi, kijana mpole, mkono mwepesi, asiyejua kumwambia bosi hapana.

Siku ile mvua ilinyesha toka adhuhuri. Tulipowasha amplifaya kubwa ya besi, mali ya ukumbi, swichi kubwa ya ukutani ikajikata, pap, ukumbi wote giza, feni zikasimama. Sudi akairudisha. Tukawasha, pap. Bibi harusi alikuwa njiani. Mwenyekiti wa kamati anapiga simu na kufoka kwa pamoja.

Mpimaji alikuja kutusindikiza kama kawaida yake. Alishaanza kuzunguka jukwaa na mgongo wake wa mkono, akafika kwenye ile amplifaya, akasimama. Akasema kwa sauti ambayo wote tuliisikia:

"Hii inajikata kwa sababu ndani kuna kitu kimelegea. Swichi haina kosa. Swichi inawapigia kelele."

Chilumba akamshika kiwiko, kwa adabu kabisa. Hiyo adabu ndiyo inayoniuma.

"Shikamoo, mzee wangu. Lakini unawatia wageni hofu. Umeme hauli watu hapa, hapa wanakula pilau. Nenda kakae kule nyuma, utaletewa sahani."

"Mwanangu, nsiiwashe hiyo."

"Mzee, wewe hata balbu unaiogopa. Twende."

Watu wakacheka. Mzee akaenda kukaa. Sahani ya pilau akaletewa kweli, na ilikutwa baadaye chini ya kiti, haikuguswa.

Nilimwona Sudi amechuchumaa nyuma ya amplifaya na koleo mkononi, Chilumba kasimama juu yake. Nilimuuliza, "Umetengeneza?" Akasema, "Nimetengeneza, kaka." Wakawasha. Haikujikata. Chilumba akapiga makofi. "Haya, si mmeona? Kazi iendelee!"

Hakutengeneza. Alikata ule waya wa tatu, wa ardhini, kwenye plagi. Swichi inakerwa na nini? Na umeme unaokimbilia ardhini. Basi ziba njia ya ardhini, swichi itatulia. Ni kama mbwa anayebweka kwa sababu kuna mwizi, nawe ukamkata mbwa ulimi. Na mtindo huu ni wetu. Nimeingia kumbi ngapi, vinyozi wangapi, nimekuta plagi imeng'olewa mguu wa tatu ili iingie kwenye soketi, kalamu imechomekwa tundu la juu, na mtu anajisifia kwa ufundi.

Umeme uliopotea njia ulibaki kwenye bodi ya amplifaya. Ukapanda kebo. Ukafika kwenye kiwaya alichokiunga Mpimaji kwa moto wa makaa, ukakaa kwenye nyuzi zangu, ukingoja. Tangu wimbo wa kwanza vidole viliniwasha kama nimeshika upupu. Nilivaa viatu vya soli ya raba, ndiyo maana. Nilidhani jasho. Kisha Zuhura akaja anacheka, peku, na maiki ya mtambo mwingine, ambao waya wake wa ardhini ulikuwa mzima.

Nikiwa hospitali sijitambui, watu walikusanyika pale ukumbini. Haya nimeyasikia kwa mpiga dramu wetu na kwa wengine, na wote wanasema sawa. Chilumba alisimama akasema gitaa la bei rahisi ndilo lililoua. Kwamba ni la mtumba, limefunguliwa na mzee asiye na cheti, na nyuzi zake ameziunganisha na umeme kwa mkono wake.

"Mwulizeni mwenyewe! Mzee, uliunganisha nyuzi au hukuunganisha?"

Mtu mwingine angekaa kimya. Mwingine angesema, niitieni fundi. Yeye alisimama mbele ya maiti ya binti aliyemwita babu, viganja vimefichwa kwapani, akasema:

"Niliunganisha. Ni mimi."

Basi, kesi ikaishia hapo. Nilipotoka hospitali amplifaya ilikuwa na kebo mpya na plagi mpya, ule waya uliokatwa hauonekani tena. Kwenye ofisi niliyokwenda kueleza, bwana mmoja alinisikiliza huku akitazama simu, akaniambia ni ajali, mshukuru Mungu wewe umepona. Gitaa langu walilichukua kama ushahidi, sijaliona tena. Gulamu alinikumbatia mlangoni pa duka lake na akalia, ila aliogopa kusema lolote, Chilumba ndiye anayempangisha. Yule mzee wa kigoda, ambaye bila yeye ningezikwa sambamba na Zuhura, watoto wa mtaani walimrushia maganda ya korosho, mpaka binti yake akaja kumchukua akampeleka kijijini kwake, Msimbati.

Sudi nilimkuta kituo cha bajaji. Alipoona vidole vyangu alitaka kukimbia.

"Sudi, nani aliyesema ukate?"

"Kaka Issa, nina watoto."

"Zuhura naye alikuwa nao. Nani?"

Akatazama huku na huku. "Bosi alisema kata, nikakata. Ukinitaja nitakana."

Nimekutaja, Sudi. Kana.

Msimbati nilikwenda mwaka huu. Nilichelewa kwa sababu ya woga, nasema kweli. Niliogopa kumwona akiniogopa. Nyumba ya binti yake ina umeme, na umeme wenyewe unatokana na gesi inayochimbwa palepale, bomba linapita karibu na mashamba yao. Mzee haingii humo. Wamemjengea kibanda cha makuti nyuma, karibu na jiko la kuni, na humo ndimo anamolala.

Nilimkuta anamenya ming'oko. Amepungua, suruali imefungwa kwa kamba.

"Shikamoo, mzee."

Alinitambua kwa sauti. Akasimama, nikanyoosha mkono nimsalimie. Akaunyoosha wake, ukafika karibu na wangu, kisha akaugeuza. Akanigusa kwa mgongo wa mkono. Polepole, midomo inatembea, kama alivyokuwa akigusa amplifaya. Binti yake alisema kutoka jikoni, "Ndivyo anavyofanya kwa kila mtu, kaka. Hata wajukuu."

Tulikaa. Aliuliza vidole, nikamwonyesha. Aliuliza Gulamu, nikamwambia hajambo, kitambaa bado anakiweka pale kaunta. Alitabasamu kidogo halafu tabasamu likaondoka. Hakuuliza lile gitaa jeusi la kwaya, nami nikamwambia mwenyewe kwamba limepinda shingo mvua zilizopita. Nilimdanganya. Lilikuwa zima Jumapili iliyopita tu. Akanitazama, akasema, "Lipi?"

Kisha akaniuliza alichokuwa akikisubiri.

"Issa, wewe ndiye ulikuwa unashika zile nyuzi. Kile kiwaya. Ningekiacha kimekatika, Zuhura angekuwepo?"

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kwa swali hilo. Nilikuwa na majibu ya kila aina. Lakini huyu ni mtu aliyenifundisha kusikiliza gitaa kwa mfupa, angeusikia uongo wangu kwenye taya.

"Angekuwepo, mzee."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepimiwa sawasawa.

"Na kila mpiga besi wa nchi hii anashika kiwaya kama kile," nikasema, "na wako hai, kwa sababu waya wa ardhini haujakatwa. Wewe uliunga. Wao ndio waliokata."

"Wewe unajua."

"Ninajua."

"Nani mwingine anajua?"

Alirudi kumenya ming'oko. Wakati naondoka mjukuu wake mdogo alianguka mlangoni akalia, na mzee akainuka haraka kumwendea, akanyoosha mikono yote miwili, viganja wazi. Halafu akavirudisha. Akamwinua mtoto kwa viwiko.

Nasikia ukumbi umepakwa rangi upya na amplifaya ile ile bado iko jukwaani. Vijana wananunua besi za bei rahisi bila mtu wa kuziuma kwanza, na swichi haijikati.

Chilumba, sikutaki mahakamani, huko una watu wako. Nataka upande bajaji uje Msimbati, njia unaijua. Mkute mzee mbele ya binti yake na wajukuu wake, mnyooshee mkono. Ataugeuza wake. Usiuache. Mshike kiganja kwa kiganja, na ukiwa umekishika useme kwa sauti, wasikie mpaka jirani, ni nani aliyeamuru ule waya ukatwe.